Aliyesikia la mkuu akavunjika guu

Katika miaka thelathini niliyoshika chaki, hakuna methali niliyoiandika ubaoni mara nyingi kama hii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliwataka wanafunzi waitungie insha, waeleze maana yake ya nje na ya ndani, kisha waipambe kwa visa vya vijana waliopuuza nasaha za wazee wakaishia pabaya. Nao waliniandikia visa hivyo kwa mamia, nikavitia alama kwa wino mwekundu. Sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza: je, mwalimu, yule aliyesikia la mkuu na guu likavunjika vile vile, yeye tumtungie insha gani?

Swali hilo limenijia uzeeni, baada ya kustaafu, na lilinijia katika kibanda cha kutazamia mpira mtaani Kibera.

Nilikuwa nimekwenda Makina Jumamosi moja kumjulia hali jamaa yangu mgonjwa. Wakati wa kurudi mvua ilininyeshea njiani, nami nikajificha katika kibanda cha mabati ambamo vijana walikuwa wamebanana mabegani kutazama timu mbili za Uingereza. Nilipishwa kwenye benchi kwa heshima ya mvi zangu. Nusu saa haijaisha, beki mmoja wa kati alisimama ghafla, akashika paja kwa nyuma, akaketi nyasini. Basi hapo mjadala ukafumuka, na mpira wenyewe ukasahaulika.

Kijana mmoja, fundi wa simu na shabiki wa Liverpool, alituuliza kama tunaikumbuka tarehe 17 Oktoba 2020. Alizungumza kama mtu anayesimulia msiba wa nyumbani kwao. Siku hiyo Virgil van Dijk aliumizwa goti katika uwanja wa Everton, msimu ukiwa bado mchanga. Novemba akafuata Joe Gomez. Mwezi Januari akaangushwa Joel Matip. Viungo wa kati, Fabinho na Henderson, wakarudishwa nyuma kuziba pengo, na timu iliyokuwa bingwa ikamaliza ya tatu. Shabiki wa Arsenal naye hakukubali kupitwa kwa machozi. Alitukumbusha usiku wa Machi 2023 ambapo timu yake ilipoteza walinzi wawili, Saliba na Tomiyasu, katika mechi moja dhidi ya Sporting ya Ureno. Arsenal ilikuwa kileleni mwa ligi wakati huo. Mwisho wa msimu Manchester City ilikuwa imeipita kwa alama tano. Wenzake walimcheka, lakini hawakumbishia.

Ndipo mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua akaurudisha mjadala nyumbani. Mwaka 2019, alisema, Harambee Stars ilirejea katika Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya kulikosa kwa miaka kumi na mitano. Timu ikapiga kambi Ufaransa kujiandaa, na huko huko kambini, mazoezini, beki Brian Mandela akaumia goti. Safari yake ya Misri ikaishia hapo. Tulifungwa na Algeria mawili kwa bila, tukaishinda Tanzania matatu kwa mawili, kisha Senegal ikatupiga matatu. Mabao saba yalipita katika mechi tatu. "Angekuwapo Mandela!" alisema yule bwana, na kibanda kizima kikaguna.

Nakiri, msomaji mpenzi, kwamba niliwastaajabia vijana wale. Laiti wangalizijua tarehe za historia kama walivyozijua tarehe za majeraha, wengi wao wangalikuwa maprofesa! Walijua goti la Mholanzi lilikatika kano ipi na lilipasuliwa lini.

Mzee mmoja alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, na tangu niingie hakuwa amefungua kinywa. Sasa alikohoa, akanyoosha kidole kwa kijana aliyekuwa akituuzia njugu pale mlangoni.

"Huyu alikuwa beki," alisema. "Nyote mmenunua njugu zake leo. Nani kati yenu anajua goti lake lilikatika mwaka gani?"

Hakuna aliyejibu. Muuza njugu alicheka kidogo, cheko la kuwatoa watu katika aibu, kisha akahesabu chenji.

Mvua ilipokatika nilitoka na mzee yule. Tulitembea pamoja hadi Toi, naye akanieleza habari zake kwa vipande vipande, kama watu wa rika lake wanavyofanya. Alicheza beki wa kati miaka ya themanini katika timu ya kampuni moja ambayo ilivunjwa zamani. Hakupata kuichezea timu ya taifa. Mwaka 1987, Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika, ikiwa na mabeki wa shoka kama Bobby Ogolla, yeye alikuwa jukwaani akishangilia huku mguu wake umefungwa plasta. Siku hizi anaishi Kibera, lakini watoto anaowafundisha mpira anawafundishia Kawangware, kwa kuwa uwanja wa Kamukunji ulio karibu naye, Jumapili, huwa na wenyewe: leo mkutano wa siasa, kesho mahubiri. Halipwi chochote. Watoto humwita Kocha, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana hakunipa ruhusa ya kulitangaza jina lake.

"Wewe ulikuwa mwalimu," aliniambia tulipoagana. "Njoo kesho uone tunavyoanza."

Usiku ule sikulala vizuri. Sababu yake nitaieleza, ingawa nimeificha kwa muda mrefu.

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili ya wavulana. Shule siitaji, wala wilaya. Tulikuwa na beki wa kidato cha tatu ambaye sijaona mfano wake katika shule nyingine yoyote: mrefu, mtulivu, mwenye kuusoma mpira kabla haujapigwa. Katika nusu fainali ya wilaya siku ya Alhamisi aliteguka goti. Ijumaa asubuhi lilikuwa limevimba kama papai changa. Fainali ilikuwa Jumamosi. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanionyesha kabati tupu la vioo, hakusema neno. Hakuhitaji kusema.

Nilimwendea kijana bwenini. Nilimwuliza, "Utaweza?"

Msomaji, mimi ni mwalimu, najua mwanafunzi anavyotazama anapotafuta jibu. Hakulitazama goti lake. Aliutazama uso wangu, akasoma humo jibu nililolitaka, akanipa. "Nitaweza, mwalimu."

Tulimpaka dawa ya kuchua, tukamfunga bandeji tabaka tatu. Alicheza kipindi cha kwanza chote, na hakuna aliyempita. Katika kipindi cha pili aligeuka kuufuata mpira uliorushwa nyuma yake, hapakuwa na mtu aliyemgusa, wala mtu aliyekuwa karibu naye. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa. Tulishinda bao moja kwa bila. Wakati wa kurudi wenzake waliimba katika lori hadi tukafika shuleni, naye alikuwa amelazwa nyuma juu ya blanketi, kikombe kimewekwa kando yake kwa heshima.

Hakupelekwa kwa mtaalamu wa mifupa. Alikandwa kijijini, akakosa masomo muhula mzima, akarudi na gongo. Mtihani aliupita. Mpira hakuucheza tena.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, mwaka 2009, katika kituo cha mabasi cha Kencom hapa jijini. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mwalimu, akaulizia wenzangu mmoja mmoja kwa majina. Habari ya goti haikutajwa. Kisha basi lake likafika, nami nikamwona akiinama, akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono chini ya paja, akaunyanyua na kuupandisha kwenye ngazi, kama mtu anayepandisha mzigo. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama vile sisi wengine tunavyofunga vifungo vya shati.

Huyo ndiye aliyesikia la mkuu.

Jumapili asubuhi nilivuka barabara ya Ngong hapo Dagoretti Corner, nikaifuata Naivasha Road kuingia Kawangware. Hiyo ni njia yenye fahari yake katika kandanda ya nchi hii, maana pande hizo ndiko Dennis Oliech alikoanzia na timu ya Dagoretti Santos, kabla ya kujiunga na Mathare United na baadaye kuifungia Kenya bao mojawapo siku tulipoilaza Burkina Faso matatu kwa bila mwaka 2004. Lakini uwanja niliouendea hauna fahari yoyote. Ni kipande cha udongo mwekundu nyuma ya nyumba za mabati. Upande mmoja umeinama kiasi kwamba mpira huteremka wenyewe, na upande wa pili mtaro wa maji machafu umechukua nafasi ya mstari wa kona.

Watoto walikuwa kama arubaini, wa miaka kumi hadi kumi na sita. Wengine walivaa njumu, wengine raba, wawili watatu wamevaa kiatu kimoja kila mmoja kwa kuwa ni ndugu na jozi ni moja. Jambo la kwanza niliona ni kwamba hapakuwa na mpira. Ulikuwa umefungiwa katika gunia, na Kocha ameukalia.

Kila mtoto aliokota mawe kumi uwanjani na kuyarundika pembeni. Kisha wakaketi duara, naye akawauliza, "Nani anaumwa?" Mikono mitatu ilipanda. Wale watatu wakapigiwa makofi. Sikuelewa, hadi nilipoona mmoja wao akikabidhiwa filimbi, wa pili daftari la mahudhurio, na wa tatu saa ya mkononi ya Kocha mwenyewe ili ashike muda. "Wote wanaitamani saa hii," Kocha aliniambia kando. "Lakini ukidanganya kwamba unaumwa, hutagusa mpira wiki nzima, kwa hiyo hawadanganyi. Hapo zamani walikuwa wakinificha. Mtoto akijua kwamba akisema anaumwa atapoteza nafasi yake, atafunga domo mpaka mguu ukatike." Nilikumbuka usemi wa wahenga kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, nikaona kuwa aghalabu hatumwulizi mfichaji ni nani aliyemfundisha kuficha.

Kwa dakika ishirini hawakugusa mpira. Walikimbia polepole, mbele na nyuma na kwa ubavu. Walisimama kwa mguu mmoja huku wenzao wakiwasukuma kidogo mabegani, wasiyumbe. Waliruka na kutua, na hapo ndipo Kocha alipokuwa mkali kweli, akipita kati yao na fimbo asiyompiga nayo mtu. "Magoti yasibusiane! Unatua kama ndama aliyezaliwa leo!" Kisha wakapiga magoti wawili wawili, mmoja akishikilia vifundo vya mwenzake, na yule aliyeshikwa akajilaza mbele pole pole, mwili umenyooka kama ubao, misuli ya nyuma ya paja ikifanya kazi ya kumzuia asianguke. Nilijaribu kulifanya hilo nyumbani jioni yake. Sitalisimulia.

Yeyote atakayedhani hizi ni hekaya za mzee wa mtaani atakuwa amekosea. Mazoezi yale yanafanana kwa karibu na yale yaliyotungwa na madaktari wa Shirikisho la Kandanda Duniani katika muongo wa kwanza wa karne hii, yanayojulikana kwa jina la FIFA 11+. Huchukua dakika kama ishirini, na hayahitaji kifaa kingine ila mpira na mtu wa kusimamia. Yalijaribiwa Afrika, tena katika mazingira ya vijana kama wetu. Watafiti wa Nigeria walizichukua timu 20 za ligi ya vijana mjini Lagos, nusu zikafuata mazoezi hayo na nusu zikaendelea na desturi zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba majeraha yalikuwa pungufu kwa asilimia 41 katika timu zilizoyafuata. Asilimia 41! Ingekuwa ni dawa ya chupa tungeipangia foleni.

Na beki anaihitaji kinga hii pengine kuliko mwingine uwanjani. Mshambuliaji huchagua yeye wakati wa kukimbia na upande wa kugeukia. Beki hufuata uamuzi wa mtu mwingine. Hugeuka ghafla, hurudi kinyumenyume, husimama kwa mguu mmoja wakati mwili wake tayari umeelekea kwingine, na kano iliyo katikati ya goti ndiyo inayolipa deni la kuchelewa huko. Ndiyo maana Kocha huwafunza mabeki wake kusimama wima. "Beki anayelala chini," husema, "ni beki aliyechelewa." Kano hiyo ikikatika, haiungi yenyewe kama mfupa. Van Dijk alipasuliwa na mabingwa, akaangaliwa na wataalamu wa tiba ya viungo asubuhi na jioni, mshahara wake ukiingia, na bado hakuonekana katika mechi ya ligi hadi Agosti 2021. Muuza njugu wa Makina angelipata wapi miezi kumi ya namna hiyo?

Nawageukia sasa walimu wenzangu, na wanafunzi walio katika timu za shule. Najua mtasema nini, kwa kuwa mimi pia nilikisema. Kabati la mwalimu mkuu liko tupu. Wazazi wamekodi basi. Kijana mwenyewe anataka kucheza, na karo yake pengine imelipwa kwa sababu ya miguu yake. Hayo yote ni kweli, na hiyo ndiyo sababu uamuzi huo haufai kuachiwa mwalimu wa michezo peke yake usiku wa kuamkia fainali, sembuse kijana wa miaka kumi na saba. Pendekezo langu ni dogo na halina gharama: mchezaji aliyeumia asirudishwe uwanjani mpaka mtu asiyefaidika na ushindi aseme amepona. Awe muuguzi wa zahanati ya karibu, au mwalimu wa shule jirani aliyefunzwa huduma ya kwanza. Vyama vya michezo ya shule vina kanuni za umri, za sare na za ada. Kanuni moja ya goti haiwezi kuvishinda.

Na wachezaji wakongwe tusiwaache wazeekee vibandani. Kule Mathare, chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa mwaka 1987 kiliweka desturi kwamba mchezaji mkubwa sharti aitumikie jamii, na moja ya kazi hizo ni kuwafunza wadogo. Mathare United, iliyozaliwa humo, ilikuja kutwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Hata hivyo mitaa mingine ina wazee wa aina ya Kocha waliotawanyika, kila mmoja na gunia lake la mpira, na shule iliyo hatua mia mbili kutoka hapo haijapata hata siku moja kumwalika.

Baada ya mazoezi palikuwa na mechi ya kirafiki dhidi ya timu ya mtaa wa pili, na watu wakajaa pembeni. Yule mvulana aliyepewa saa ndiye alikuwa beki wao tegemeo, wa miaka kumi na minne hivi. Kifundo chake kilikuwa kimevimba kidogo tu. Alitembea bila kuchechemea. Kufikia mapumziko timu ya Kocha ilikuwa imefungwa mawili, yote kupitia pengo la katikati, na kelele zikaanza. Baba mmoja alimwita Kocha mwoga. Mwingine alisema mtoto mwenyewe yuko tayari, na kweli, mtoto alikuwa amekwisha kuvaa njumu zake, sijui saa ngapi.

Kocha hakujibu. Alikuwa akiwagawia wachezaji maji kwa kikombe kimoja cha bati.

Kisha wakanigeukia mimi. Mtu mmoja alikuwa amewaambia kwamba nilikuwa mwalimu. "Mwalimu, mwambie wewe, wewe atakusikia. Ni dakika thelathini tu. Mwulize mtoto mwenyewe kama ataweza."

Mvulana aliniinulia macho. Niliyatambua macho yale.

Sikumwuliza. Nilimwambia afungue kamba za viatu aketi, na sauti yangu, nadhani, ilitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana watu walinyamaza. Aliketi kando yangu juu ya rundo la mawe, amevimba mashavu kwa hasira, akakataa njugu nilizompa. Tulifungwa la tatu. Baba yule aliondoka akilaani.

Baadaye kidogo nilihisi mkono ukiingia katika mfuko wa njugu.

"Zimebaki dakika ngapi?" nilimwuliza.

Aliitazama saa ya Kocha, iliyokuwa kubwa mno kwa kiwiko chake cha mkono. "Kumi na mbili," alisema. Kisha akasimama akawapigia kelele wenzake, "Nambari nne! Usilale chini! Simama!"